Nimekabidhiwa watafiti wawili chipukizi wa maadili ya utafiti: nianze nao wapi?

Mtafiti wa Homa

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa waliokwisha kulea watafiti wachanga katika maadili ya tiba na utafiti.

Mimi ni daktari, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa majaribio ya dawa za malaria. Maadili nimeyajua kama wengi wetu tulivyoyajua: kujaza fomu za kamati, kujibu hoja zao, kuandika upya karatasi ya ridhaa mpaka ipite. Sasa taasisi yetu imepata fedha za miaka miwili za kukuza watafiti wa maadili, na vijana wawili wamewekwa chini yangu. Wa kwanza ni muuguzi aliyefanya kazi kwenye majaribio ya chanjo. Ameketi na wazazi wengi sana akiwaomba ridhaa. Wa pili ana shahada ya uzamili ya falsafa. Anajenga hoja vizuri mno, lakini hajawahi kukaa wodini wala kumwona mshiriki wa utafiti akiwekewa karatasi mbele yake.

Washirika wetu wa nchi tajiri wametupa mtaalamu mmoja atakayekutana nao kwa video kila mwezi. Wameshapendekeza na mada pia: wote wawili waandike kuhusu maoni ya jamii juu ya benki ya sampuli, yaani hifadhi ya damu na sampuli nyingine kwa utafiti wa baadaye, ambayo mradi wao mkubwa unaijenga. Vijana walikubali papo hapo, na kukubali upesi namna ile ndiko kulikonitia wasiwasi. Muuguzi bado ana zamu zake. Mwanafalsafa hana mkataba zaidi ya hiyo miaka miwili.

Mtu asiyesomea taaluma hii anawezaje kuwa mlezi wa maana? Waanze kusoma nini? Na hiyo mada ya benki ya sampuli, niiache iendelee?

Mlezi wa Kamati

Karibu sana Daktari. Nimekaa kwenye kamati ya maadili ya utafiti muda mrefu, na kulea vijana ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo utanivumilia nikirefusha.

Nianze na mada, maana mengine yote yanafuata hapo. Usikubali wapewe mada, hata iwe nzuri kiasi gani. Mtafiti wa maadili anayeanza na swali la mtu mwingine atajifunza kuhoji watu, atajifunza kupanga nukuu kwenye majedwali, na mwisho wa miaka miwili atakuwa msaidizi hodari wa mradi usio wake. Fedha zikiisha, hana pa kuendelea, kwa sababu swali limeondoka na wenyewe. Nimeona vijana wenye akili sana wakiishia hapo.

Muuguzi wako swali tayari analo. Mwombe aandike kurasa mbili, bila marejeo wala msamiati wa kitaalamu, kuhusu tukio moja la kazini lililomkosesha usingizi. Zoezi hili nimewapa wauguzi, wahudumu wa nyanjani na watu wa maabara. Mmoja wao aliandika juu ya mama aliyesaini karatasi ya ridhaa, akaikunja vizuri, kisha akauliza: "Sasa mtoto atapona lini?" Utaratibu wote ulikuwa umefuatwa. Maelezo yalisomwa, nafasi ya maswali ilitolewa, sahihi ipo. Na bado yule mama alijua amemwandikisha mwanawe kwenye matibabu.

Wataalamu wa maadili wamelijadili jambo hilo tangu miaka ya 1980, yaani mshiriki kudhani kwamba kila anachofanyiwa kimepangwa kwa faida yake yeye. Lakini kurasa zile mbili zilikuwa na jambo ambalo mijadala mingi hulipita haraka. Kliniki ya utafiti ndiyo pekee pale iliyokuwa na dawa wakati wote na daktari anayesikiliza. Yule muuguzi akauliza: je, mama hakuelewa utafiti, au ameielewa hali yake kuliko karatasi yetu inavyoieleza? Hapo hapo tukawa na pendekezo la utafiti. Mimi sikumpa wazo. Nilimpa muda na nikasoma alichoandika.

Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, wamefanya kazi kubwa ya namna hii. Wamechunguza maisha ya wahudumu wa nyanjani wanaoishi na watu wale wale wanaowaomba ridhaa, na jinsi watu wanavyokataa utafiti kimyakimya: hawasemi hapana, wanakwepa tu. Swali kama hilo analipata aliyebisha hodi akajua kuna mtu ndani na hakuitikiwa. Kijana wako yuko karibu na mlango kuliko profesa yeyote, na hiyo ndiyo mtaji wake.

Kusoma kufuate baada ya kurasa hizo mbili. Ningeanza na makala ya Ezekiel Emanuel na wenzake ya mwaka 2004 kuhusu utafiti wa kitabibu katika nchi zinazoendelea. Mwaka 2000 walikuwa wametaja masharti saba ya utafiti wenye maadili. Mwaka 2004 wakaongeza la nane na kuliweka mbele ya mengine yote: ushirikiano na watafiti na jamii ya mahali husika. Mwulize kila mmoja kwa nini anadhani sharti hilo halikuwamo mara ya kwanza.

Kisha miongozo ya mwaka 2016 ya CIOMS, baraza la kimataifa la mashirika ya sayansi ya tiba. Ipo 25, ila wasome kwa utulivu wa 2, wa 6 na wa 8: utafiti penye uhaba wa rasilimali, mahitaji ya kiafya ya washiriki, na ushirikiano pamoja na kujenga uwezo. Huo wa 8 utakufaa wewe mwenyewe ukikaa na washirika wako, kwa kuwa unawataka watafiti na wadhamini wachangie kujenga uwezo wa mahali wanapofanyia kazi. Azimio la Helsinki, yaani kanuni za maadili ya utafiti za Chama cha Madaktari Duniani, wachukue toleo la Oktoba 2024. Kwenye kamati bado tunaletewa maandiko yanayonukuu la 2013.

Baada ya hapo wape mgogoro mmoja wakae nao. Mimi hutumia ule wa AZT, dawa ya VVU. Mwaka 1994 ilidhihirika kwamba dawa hiyo, mama akiipata wakati wa ujauzito na uchungu, na mtoto akaendelea nayo wiki sita, inapunguza maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto kwa takriban theluthi mbili. Utaratibu huo ulikuwa mrefu na ghali. Katika nchi maskini yakaanzishwa majaribio ya dozi fupi, na mengi yalilinganisha dozi hiyo na plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa. Mwaka 1997 Peter Lurie na Sidney Wolfe wakayashutumu vikali katika New England Journal of Medicine. Harold Varmus na David Satcher, waliokuwa wakiongoza NIH na CDC, taasisi za serikali ya Marekani za utafiti wa tiba na za kudhibiti magonjwa, wakayatetea katika jarida hilo hilo. Vumbi lile lilichangia marekebisho ya Azimio la Helsinki ya mwaka 2000, na ufafanuzi ulioongezwa mwaka 2002.

Mmoja ashike upande wa kushutumu, mwingine wa kutetea, halafu wabadilishane. Watakapochoka, waulize: watu wa nchi zenyewe wako wapi kwenye mjadala huu? Wataipata nukuu moja ndani ya makala ya Varmus na Satcher. Ni barua ya mwenyekiti wa kamati ya utafiti wa UKIMWI ya Taasisi ya Saratani ya Uganda, akisema kwamba wanaofanya utafiti ule ni Waganda, kwa manufaa ya watu wao. Ukubaliane naye au usikubaliane, ile ni hoja nzito, na dunia iliisikia kupitia makala ya watu wengine. Kila nikifika hapo na vijana, chumba hunyamaza. Wanaelewa kwa nini wanafundishwa kuandika.

Kuhusu mtaalamu wa video: mwombe asitoe mihadhara, kwa kuwa ya bure imejaa mtandaoni. Asome rasimu. Kurasa tano zilizosomwa kwa makini na mtu anayeijua taaluma zina faida kuliko semina ya wiki nzima. Andikianeni makubaliano ya ukurasa mmoja yanayosema rasimu itarudi baada ya siku ngapi, nani anasoma nini, na jina la nani litakaa wapi kwenye makala. Vigezo vinne vya uandishi vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, viwe mezani tangu siku ya kwanza: mchango wa kweli katika wazo au data, kushiriki kuandika au kuhariri kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, na kuwajibika kwa kazi nzima. Mkuu asiyetimiza vigezo hivyo atatajwa kwenye shukrani. Kijana hawezi kuyaanzisha mazungumzo hayo mbele ya wakubwa wake, kwa hiyo yaanzishe wewe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wenye fedha hawaliulizi. Mtafiti wa malaria anachunguza mbu na vimelea. Mtafiti wa maadili anachunguza kazi ya wenzake, mara nyingi kazi ya anayemlipa mshahara. Kijana mmoja niliyemlea alikuwa akihoji washiriki wa jaribio fulani kuhusu kutolewa damu. Washiriki kadhaa wakamweleza kwamba nauli wanarudishiwa baada ya kutoa sampuli tu. Anayebadili mawazo akiwa ameshafika, anarudi nyumbani kwa gharama yake. Karatasi ya ridhaa ilisema kinyume. Viongozi wa jaribio walipoona rasimu, wakataka aya ile iondolewe, na wakamkumbusha kwamba mkataba wake unakaribia kuisha.

Kilichomwokoa kilikuwa kimeandikwa miezi mingi nyuma. Kwenye itifaki yake, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa, tulikuwa tumeweka wazi nini kitatokea akikuta jambo linalogusa haki au usalama wa washiriki: anamwarifu mlezi siku ile ile, mlezi anaiarifu kamati kwa maandishi, na marekebisho hayasubiri makala. Kwa hiyo suala la nauli lilipelekwa mahali pake na likarekebishwa. Aya ikabaki kwenye makala, na jaribio halikutajwa kwa jina. Barua kwenda kamati niliisaini mimi. Mwenye mkataba mfupi asiachwe abebe barua kama hiyo peke yake.

Ndiyo maana nasema kutosomea maadili hakukuzuii kulea. Nadharia watapata kwa wengine. Wewe unajulikana, una kiti kwenye vikao, ukipiga simu inapokelewa. Hivyo vyote waazime.

Na uwe macho na jambo moja zaidi. Taasisi ikishajua kwamba pana mtu aliyesoma maadili, itamtaka kila mahali. Atawekwa kwenye kamati ya maadili, ataombwa afundishe wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ataletewa karatasi za ridhaa za idara nzima azitengeneze. Kazi zote hizo ni njema na kamati zetu zinawahitaji sana vijana hawa, nami ninayesema hivi ninaketi huko. Lakini mwaka utaisha naye hajaandika ukurasa wake mwenyewe. Kwa muuguzi, nenda kwa matroni kabla ratiba ya zamu haijapangwa, mpate siku maalumu kila wiki iliyoandikwa kwenye ratiba. Muda wa ahadi ya mdomo humezwa na zamu ya kwanza itakayokosa mtu.

Chipukizi

Shikamooni wakubwa. Mimi naandika nikiwa upande wa wanaolelewa, nina miaka michache kwenye fani hii.

Mlezi wangu wa karibu ni daktari wa watoto, hakusomea maadili hata kidogo. Alichonifanyia ni kukaa na rasimu yangu na kuuliza mwisho wa kila aya: "Kwa hiyo?" Nilikuwa naandika kwamba washiriki kumi walisema hivi, wanane walisema vile. Kwa hiyo? Kwa kuwa watu wengi wanakubali jambo, ndiyo jambo limekuwa sawa? Swali hilo moja lilinivusha kutoka kuripoti maoni mpaka kujenga hoja, na mpaka leo nikiandika nalisikia.

Jingine ni lugha. Tunaandika kwa Kiingereza hoja ambazo tumezifikiria kwa lugha nyingine, na walezi wengi hurudisha rasimu imejaa masahihisho ya sarufi bila neno hata moja juu ya wazo. Mlezi wangu aliniambia kwanza nimweleze hoja yote kwa mdomo, kwa lugha ya nyumbani, nikijirekodi. Nikiweza kuieleza kwa dakika tano mfululizo bila kukwama, ndipo niandike. Nikikwama, tatizo liko kwenye hoja, wala halihusiani na Kiingereza. Sarufi tulishughulikia mwisho kabisa.

Alinionyesha pia barua za majarida zilizokataa makala zake, pamoja na majibu aliyowapa wahakiki. Kabla ya hapo nilidhani kukataliwa ni hukumu. Baadaye akaanza kunishirikisha kuhakiki makala za wengine, akiomba kwanza ruhusa ya mhariri. Hakuna darasa lililonifundisha jinsi hoja inavyopasuka kama kuisoma hoja ya mtu nisiyemjua na kulazimika kusema ilipopasukia.

Daktari, kuhusu kusoma: angalia kama taasisi yenu imesajiliwa Hinari. Imekuwepo tangu mwaka 2002 chini ya WHO, na taasisi za nchi zenye kipato cha chini kabisa hupata majarida bure. Nimekutana na wenzangu wanaoomba makala kwa barua pepe wakati mkutubi wao ana nywila na hakuna aliyewahi kumwuliza. AuthorAID nayo inasaidia, inamkutanisha mwandishi mchanga na mzoefu. Na mkutano wa Global Forum on Bioethics in Research, ulioanza mwaka 1999, hujadili visa halisi, na huwapokea watu wa nchi zetu kwa kuwagharimia. Kisa cha muuguzi wako kinaweza kabisa kupelekwa huko.

Jambo la mwisho. Mlezi wangu wa nje ya nchi aliacha kujibu fedha za mradi zilipokwisha. Simlaumu, mkataba wake ulikuwa umeisha. Kilichobaki ni sisi watano wa kundi lile, tunasomana rasimu mpaka leo. Hao wawili wako uwakutanishe na wenzao wa taasisi nyingine mapema, wakati bado kuna fedha za nauli.

Falsafa Kwanza

Ndugu Mlezi wa Kamati, mengi umesema vema, hasa hilo la nani anasaini barua. Lakini kuna jambo linaniuma na ninyi wote mmelipita.

Tazameni makala zinazotoka nchi maskini kuhusu maadili ya utafiti. Nyingi ni za mahojiano: mitazamo ya akina mama juu ya hiki, uelewa wa wanajamii juu ya kile. Kisha tafuteni makala zinazobishana kuhusu maana ya haki, unyonyaji, nani ana wajibu wa kumtibu mshiriki baada ya utafiti kuisha. Hizo nyingi zinaandikwa kwingine, na zinanukuu mahojiano yetu kama malighafi. Mgawanyo huo haukuletwa na vipaji. Umeletwa na ulezi, kwa sababu fedha za mafunzo hulipia kukusanya data, na hazilipii mtu kukaa miezi sita akifikiri.

Daktari ana kijana wa falsafa mkononi. Naona hatari mbili. Ya kwanza ni kumgeuza mhoji wa pili wa muuguzi. Ya pili ni kumgeuza msemaji wa mila: kila mada ikija, aulizwe tu ubuntu unasemaje. Ubuntu, ile fikra ya Kiafrika kwamba mtu ni mtu kwa sababu ya watu, ina kina na inastahili kubishaniwa na kila mtu, ila kijana asifungiwe humo kwa sababu ya alikozaliwa. Godfrey Tangwa wa Kameruni ni mwanafalsafa aliyeandika kwa miongo juu ya maadili ya utafiti, na amehoji mambo ya msingi kabisa akitumia fikra za kwao na za kwingine kama mwanafalsafa yeyote. Huo ndio upeo ninaoutaka kwa kijana huyu.

Apelekwe wodini, ndiyo, akae kwenye benchi na kina mama, aone karatasi ikisomwa haraka haraka saa tano mchana wakati mtoto analia. Lakini akirudi, asiulizwe amehoji wangapi. Aulizwe: je, ridhaa inayotolewa na mtu asiye na kliniki nyingine ni ridhaa? Kama si ridhaa kamili, je, utafiti ukome, au wajibu wa mtafiti ndio uongezeke? Jibu la swali hilo halipatikani kwa kuhesabu waliosema ndiyo.

Mlezi wa Kamati

Falsafa Kwanza, nakubali, na umelisema kwa nguvu kuliko ambavyo ningelisema. Naongeza tu kwamba wawili hawa wana bahati ya kuwa pamoja. Muuguzi akiandika kisa, mwanafalsafa akijenge hoja, halafu muuguzi aivunje hoja hiyo kwa mambo aliyoyaona. Wabishane kila wiki. Mshirikiano wa namna hiyo siwezi kuufundisha mimi wala mtaalamu wa video, nao haugharimu chochote.

Ninapotofautiana nawe kidogo ni kwenye mahojiano. Kuna mahojiano ambayo yenyewe ni kufikiri. Yule mama aliyeuliza mtoto atapona lini hakuwa malighafi ya mtu. Alikuwa na hoja, na muuguzi alikuwa na masikio ya kuisikia. Shida inaanza pale mtafiti anapohesabu majibu badala ya kubishana nayo.

Mtafiti wa Homa

Nawashukuru sana nyote. Nimefanya zoezi la kurasa mbili, nikawaambia wasahau benki ya sampuli kwa sasa.

Muuguzi ameandika kuhusu mabibi. Anasema mara nyingi mama wa mtoto ndiye anayesaini, lakini bibi wa mtoto ndiye anayeamua, na bibi hukaa nje ya chumba cha ridhaa kwa sababu karatasi inamtaja mzazi au mlezi wa kisheria peke yake. Kuna bibi aliyemwambia: "Mmemsainisha mtoto wangu jambo ambalo mimi ndiye nitakayelibeba." Nimefanya majaribio ya watoto miaka yote hii na sikuwahi kuliona hilo hivyo.

Mwanafalsafa ndiye aliyenishangaza. Alirudi mwenyewe kwenye benki ya sampuli, ila kwa mlango mwingine kabisa. Kuuliza jamii ina maoni gani hakumvutii. Anauliza: mtu akiridhia damu yake itumike kwa utafiti wa baadaye usiojulikana, na mradi ulioahidi kuitunza ukaisha, nani amerithi ile ahadi? Anasema ridhaa ni uhusiano kati ya watu wawili, na mmoja wao akitoweka lazima mtu aeleze kilichobaki ni nini. Nimemsikiliza mpaka jioni.

Nimemwona matroni, muuguzi amepewa siku yake na imeandikwa. Hinari tumo; mkutubi alifurahi kuulizwa.

Limebaki hili. Washirika wamelipokea swali la mwanafalsafa kwa adabu, ila wanasema nakala za mahojiano na nyaraka zote za benki zikae kwao, na makala ipite kwao kwa idhini kabla ya kutumwa kwa jarida. Wanasema ni kawaida ya mradi. Nikubali?

Mlezi wa Kamati

Usikubali neno "idhini". Mapendekezo utakayowapelekea ni haya: wataisoma rasimu, watapewa siku 30 za kutoa maoni na kuonyesha makosa ya ukweli au taarifa za siri za washiriki, na siku hizo zikipita makala inatumwa. Washirika wengi huridhia wakiona ukomo umeandikwa, kwa sababu kinachowatia hofu zaidi ni kushtukizwa. Wakisisitiza idhini, basi kijana asiichunguze benki yao. Achunguze nyingine, au aandike kwa nyaraka zilizo hadharani tu. Swali lake litabaki na nguvu ile ile.

Data ikae kwenye taasisi yenu. Wao wapate nakala iliyoondolewa majina, kwa makubaliano ya maandishi yanayosema itatumika kwa nini na nani ataomba ruhusa kwa nani. Kamati yenu ya maadili iyaone makubaliano hayo pamoja na itifaki. Ikiyaidhinisha, utakuwa na mahali pa kusimama wakirudi na ombi jipya. Kwenye itifaki weka pia ule utaratibu niliousema wa jambo linalogusa haki za washiriki, kwa sababu mtu anayeuliza nani amerithi ahadi huenda akagundua kwamba hakuna aliyeirithi.

Swali la mabibi ni zuri mno. Mwambie muuguzi asikimbilie kupendekeza mabibi wasaini nao. Kwanza aulize mama anapoteza nini bibi akiingia chumbani, kwa maana wapo kina mama ambao chumba kile ndicho mahali pekee wanapoamua jambo bila kuangaliwa. Hapo Falsafa Kwanza amsaidie.

Na mkataba wa mwanafalsafa uuingize kwenye kikao hicho hicho cha data, kabla bajeti ya mwaka wa pili haijafungwa. Omba mwaka wa tatu wa mshahara nusu kwa ajili ya kuandika, kwa sababu makala za hoja huchelewa na wahakiki huzirudisha zaidi ya mara moja. Wakisema hakuna fungu, waonyeshe fungu la mtaalamu wa video na uwaombe wahamishe.